Aliyekuwa Chini ya Ushungi

Mtaani kwetu Kariakoo, ile picha ya sinema ya Kihindi ilikuwa kama mali yangu. Sikuicheza wala sikuitengeneza, ila niliisimulia. Wanawake wakikaa uani kuchambua mchele wa shughuli, hakosekani mmoja wa kusema, "Hebu tupe ya mpishi." Nami naanza, wimbo kwa wimbo, nikigonga sufuria kwa upawa kama alivyogonga yeye. Watoto waliozaliwa baada ya picha ile kuondoka mjini waliijua mwanzo mpaka mwisho kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo siku gari la matangazo lilipopita, mtu wake akipaza sauti kwenye spika kwamba mpishi amerudi, amerudi na picha mpya baada ya miaka sita, niliacha cherehani na pindo la kanga limeishia katikati. Nilitoka barazani bila viatu. Karatasi zilikuwa zimekwisha bandikwa kwenye ukuta karibu na soko, gundi bado mbichi. Ni yeye. Kitambi kimeongezeka na nywele zimepungua mbele, lakini upawa ni ule ule na tabasamu ni lile lile la mtu aliyeunguza wali wa watu.

Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa shoga yangu. Siku hizo shoga lilikuwa neno zuri. Mwanamke alimwita hivyo mwanamke mwenziwe aliyemweka moyoni, na mimi nitalitumia hivyo hivyo. Alikuwa Mhindi wa Kihindu, mke wa mwenye duka la kanga upande wa kuelekea Mnazi Mmoja. Aliletwa kwa meli kutoka kwao akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba. Kiswahili alijifunzia dukani, kwa wateja, kikawa chepesi mdomoni mwake hata ukifumba macho huwezi kumjua. Mimi nilikuwa napinda kanga za duka lao. Kila Jumatatu napeleka zilizokwisha na kuchukua nyingine, kwa mlango wa uani, na pale uani ndipo tulipozoeana.

Siku ile haikuwa Jumatatu. Nilimkuta anaanika papadi, vile vimkate vyembamba vya dengu, kwenye mkeka.

"Shoga, amerudi!" nikasema.

"Nani?"

"Mpishi! Wametengeneza ya pili. Jumapili ya wiki ijayo wanaonyesha ya wanawake, saa nane mchana."

Nilitegemea ataruka. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akinipigia wimbo wa sufuria kwa ulimi, tukicheka mpaka mama mkwe wake anatoa kichwa dirishani. Lakini aliendelea kupanga papadi, moja, nyingine, nyingine, akizinyoosha kando zake kwa kidole.

"Nimesikia," akasema. "Wanasema ni mbaya."

"Wanasema nani? Haijaonyeshwa bado."

"Wale wa Bombay. Imeandikwa gazetini."

Shoga yangu hakuwa msomaji wa magazeti. Gazeti lilisomwa na mumewe, na mumewe habari za sinema hakuzitaka. Neno lile lilinikaa.

Lazima nieleze ile picha ya kwanza, kwani bila hiyo haya mengine hayana maana.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mume wangu wa kwanza alikuwa amekufa kwa homa ya siku nne, nikakaa eda kwa mama yangu mdogo, miezi minne na siku kumi. Nilipotoka eda mwili ulikuwa umetoka, mimi bado. Mshenga alikuja mara mbili kwa niaba ya bwana mmoja fundi wa karakana ya reli Gerezani, na mara mbili mama mdogo alimrudisha kwa sababu nililia. Niliamini yangu yamekwisha. Sikuwa na chuki na mtu. Niliona tu kwamba mlango umefungwa, na mtu wa busara hasukumi mlango uliofungwa.

Shoga yangu ndiye aliyenitoa. Alisema twende picha, onyesho la wanawake peke yao, hakuna mwanamume hata mmoja ila wa kwenye mashine. Nilikataa, akanivuta mkono. Tulikaa safu ya katikati, yeye kulia kwangu, akanitafsiria sikioni kila kitu.

Palikuwa na tajiri bahili mwenye binti wawili. Mkubwa ni mjane, amevaa sari nyeupe, haweki rangi wala bangili. Mdogo ni msichana wa kujipamba. Anakuja mwanamume anajiita mpishi, kumbe hajui hata kuchemsha maji, ila anaimba. Chumvi anaweka kwenye chai. Mbuzi anamponyoka jikoni na kumkimbiza yeye badala ya yeye kumkimbiza mbuzi. Angefukuzwa siku ya kwanza, ila yule mjane kwa huruma anapika kwa siri, na chakula kinatoka kama amepika yeye.

Sasa kuna wimbo. Mpishi amesimama uani na sufuria zake, anaimba. Nyumba ina madirisha mawili, moja juu ya jingine. Chini ni la jikoni, mjane yupo anasugua vyombo. Juu yupo mdogo anachana nywele.

"Anamwimbia yule wa jikoni," shoga yangu alininong'oneza.

"Mbona anatazama juu?"

"Anaona haya kumtazama usoni."

Nililia pale, kwenye wimbo ambao ukumbi mzima walikuwa wanapiga makofi. Na mwisho palikuwa na harusi. Bibi harusi kafunikwa ushungi mwekundu mpaka kifuani, mpishi kavaa kilemba kinachomwangukia machoni, watu wanacheka.

"Ni yule mjane," shoga yangu akasema. "Baba yake amekubali."

Tuliiona mara tatu kabla haijaondoka, na mara zote tatu yeye alikuwa kulia kwangu. Baada ya mara ya kwanza mshenga alikuja tena, mara ya tatu, na sikulia. Huyo fundi wa Gerezani ndiye mume wangu, baba wa wanangu wawili.

Turudi kwenye ile wiki ya picha ya pili. Jumatatu nilipeleka kanga. Shoga yangu akaniambia Jumapili hawezi kwenda, wana wageni. Alhamisi nilipita tena makusudi, nikamuuliza wageni wanatoka wapi. Akasema si wageni, ni kichwa, kinamuuma siku nyingi. Kabla sijaondoka akanishika mkono.

"Shoga, usiende peke yako. Subiri. Tutaenda pamoja wiki nyingine."

"Wiki nyingine huenda imeondoka."

"Basi iondoke. Ile ya kwanza inatosha."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mtu mwenye kichwa kinachouma anajihurumia yeye, hakuhurumii wewe. Yeye alinitazama mimi kwa huruma. Kulikuwa na kitu hataki nikione, na mimi nikaanza kukitafuta kabla sijakijua. Nilidhani labda mumewe amemkataza kutembea nami, maana ilikuwa miaka ile ambayo mikutano ya kudai uhuru ilianza kujaza Mnazi Mmoja, na baadhi ya wenye maduka walikuwa wakifunga milango mapema na kuwatazama Waafrika kwa jicho jingine. Nilidhani labda amepata rafiki mwingine. Nilidhani mengi.

Jumapili nikaenda na jirani yangu muuza vitumbua, aliyepanga chumba cha mbele nyumba yetu hiyo hiyo. Nilimchagua kwa kuwa tulikuwa na ubishi wa miaka. Yeye aliiona ile ya kwanza peke yake, bila wa kumtafsiria, na siku zote alishikilia kwamba aliyeolewa ni yule mdogo. "Mimi sijui Kihindi," alikuwa akisema, "lakini macho ninayo." Nami nilikuwa nikimjibu mbele za watu kwamba macho bila masikio ni kazi bure, na watu wakacheka, na yeye akanuna. Nilitaka aje aone mjane ni mke wa mtu, ubishi uishe.

Ukumbi ulijaa. Mabuibui, sari, watoto wachanga, harufu ya bisi na mafuta ya nazi. Kulia kwangu, mahali pa shoga yangu, alikaa bibi mmoja wa Kihindi mzee, na mkoba wa tambuu mapajani. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri kabisa.

Picha ikaanza. Mpishi sasa ana hoteli. Ukumbi ulimpigia makofi alipotokea tu. Ana mke, amevaa sari ya kijani, bangili mpaka kwenye viwiko. Sura ya mke sikuitambua, nikadhani wamebadilisha mchezaji. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mwanamke na shada la funguo kiunoni. Amezeeka kidogo, mashavu yameanguka, lakini nilimjua mara moja. Alikuwa yule yule. Na alikuwa amevaa nyeupe.

Nikangoja. Nilijiambia labda mpishi atakufa mbele na hii ni hadithi ya kurudi nyuma. Nilijiambia labda ni pacha. Mpishi akampita bila kumtazama, akaenda kumshika mkono yule wa kijani.

Nikamgeukia yule bibi. "Mama, samahani. Yule mwenye nyeupe si ndiye mkewe?"

"Yupi? Yule?" Akacheka. "Yule shemeji yake. Mke ni mdogo mtu."

"Lakini ya kwanza aliolewa. Mimi nilimwona kwa macho yangu akiolewa."

"Uliona ushungi, mwanangu. Ndani alikuwa mdogo. Mchezaji wa mwanzo aliacha kazi, sasa wameweka mwingine."

"Basi mjane alikuwa wapi siku ya harusi?"

Bibi alinitazama kama anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Mjane kwetu hakai mbele ya harusi. Wanasema ni nuksi. Alikuwa ndani."

Jirani yangu wa vitumbua alikuwa kushoto, na alisikia kila neno. Nilingoja aseme. Hakusema. Hilo lilinichoma kuliko kama angesema.

Na bado hayo yalikuwa mepesi. Katika picha ile ya pili yule mjane ndiye kichekesho. Anaficha peremende kwenye ghala na siafu wanamwingia. Anamwagiwa unga kichwani. Anasikiliza mlangoni, mlango unafunguliwa, anaanguka. Kila akianguka ukumbi unapasuka kwa kicheko, na yule bibi kulia kwangu akicheka anajifuta macho kwa ncha ya sari. Mimi nilikaa na mikono mapajani. Nilikuwa namjua mwanamke huyu kwa miaka sita kama mtu aliyepata, na sasa naona watu wanamcheka kwa sababu hakupata.

Njiani jirani yangu alisema neno moja tu, tulipofika kwenye kona ya mtaa wetu. "Nani alikuwa anakutafsiria?"

"Unamjua."

"Mm," akasema, akaingia ndani kuloweka mchele wa vitumbua vya kesho.

Mume wangu alikuwa barazani anatengeneza kiti kilichovunjika mguu. Ni mtu wa maneno machache. Nilimweleza yote, hakushtuka. Hapo ndipo shaka ilipopata miguu. Mtu anayesikia habari mpya hushtuka kidogo, hata kama hazimhusu. Yeye alichukua msumari akauweka mdomoni.

"Kanga za posa ulizoniletea," nikamwuliza, "ulinunua duka gani?"

"Madukani."

"Madukani ni kwingi."

Akautoa ule msumari. "Duka la shoga yako."

"Alijua ni za nani?"

"Alijua."

"Tangu lini?"

Nikaketi kwenye ngazi, nikamwonyesha kwamba sina haraka. Mwishowe akasema. Alikuwa ameniona siku nyingi, bado niko na huzuni mbichi, mama mdogo akinisindikiza kurudisha kanga za mwisho nilizokuwa nimepokea kabla ya msiba. Akamwuliza shoga yangu pale dukani yule ni nani. Akaambiwa yuko eda, asimame mbali. Akasimama mbali. Eda ilipokwisha akatuma mshenga mara mbili, akakataliwa, akaenda dukani kusema basi, ameacha.

"Akasemaje?"

"Akasema nisitume mtu wiki ile. Nisubiri Jumapili ipite."

"Jumapili gani?"

Jumapili ile mimi nilikuwa ukumbini nalia kwa wimbo wa madirisha mawili.

Sikumpikia hasira, maana nyumba ile ilikuwa ya amani na yeye hakuwahi kunikosea. Lakini nilimtazama siku ile kama mtu anavyotazama noti aliyopewa gizani. Nilijiuliza, je, nilimpenda huyu, au nilimpenda mpishi? Nilisema ndiyo kwa nafsi yangu, au nilisukumwa na watu wawili waliokwisha kukubaliana juu ya kaunta, kanga zikikunjwa katikati yao?

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Nilipanga kanga zangu kikapuni nikaenda. Mama mkwe wa shoga yangu alikuwa amekaa mlangoni pa uani na shanga zake za sala. Nilimwamkia kama kawaida, akasema maneno yake kwa lugha yao kama kawaida, nikapita. Shoga yangu aliniona usoni tu akajua.

"Umeenda," akasema.

"Nimeenda."

"Nilikuambia usubiri."

"Nisubiri nini? Uje ukae kulia kwangu unidanganye ya pili?"

Alinivuta nyuma ya matangi ya maji, mahali ambapo mama mkwe haoni. Nilimwambia yote niliyoyajua, pamoja na ya mume wangu. Nilimwambia aliniuza kama doti ya kanga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukana hata moja.

"Ile picha niliiona kabla yako," akasema. "Wiki moja kabla, na wifi zangu. Walicheka. Mimi nilitoka nimekasirika. Nina dada kwetu, mkubwa wangu. Alifiwa na mumewe akiwa na miaka kumi na tisa. Sasa ana thelathini na ushei. Anapika kwa kaka yetu, anakula mwisho, harusi za watu anazisikia ukutani. Kila barua anaandika yuko salama. Nilipomwona yule wa nyeupe anasugua vyombo, mpishi anaimba, nilidhani ataolewa. Nilikuwa na hakika. Halafu hakuolewa."

"Kwa hiyo ukanidanganya mimi."

"Nilitaka mtu mmoja aione vizuri. Na kwenu inawezekana, shoga! Kwenu mjane anaolewa. Kilichokuzuia kilikuwa kichwa chako tu."

"Na yule bwana?"

Hapo akacheka kidogo, kicheko ambacho siku nyingine kingenichekesha nami. "Yule bwana alikuja dukani miezi minne kununua uzi. Mwanamume, fundi wa treni, anachagua uzi wa pinki. Ningefanya nini?"

Nilikumbuka bati lililojaa rili za uzi nililolikuta chumbani kwake nilipohamia. Aliniambia ni wa kushonea magunia. Kumbe kila mtu alikuwa na lake la kuniambia.

Ningeweza kuishia hapo, nikaenda zangu nimenuna, tukapatana baada ya wiki. Lakini shaka ikishaanza haikai kwenye jambo moja. Nilisimama pale nikapitisha kichwani miaka yote, na kila neno alilowahi kunigeuzia kutoka lugha yao.

"Mama mkwe wako," nikasema. "Kila nikipita anasema maneno. Uliniambia ananiombea baraka."

Alitazama chini.

"Anasema nini?"

"Shoga, acha."

"Anasema nini?"

"Anasema usiguse mtungi wa maji, utaunajisi."

Miaka sita nilimjibu mwanamke yule, "Amina, mama."

"Hata mimi ananikataza siku zangu za mwezi," shoga yangu alisema haraka. "Si kwa ajili yako tu. Ndivyo alivyolelewa, hata maji ya bomba anayamwagia..."

Sikungoja amalize. Niliweka kikapu chini, kanga zote ndani yake, zilizopindwa na ambazo hazijapindwa, nikatoka kwa mlango wa dukani, wa mbele, ambao sikuwahi kupita. Mumewe aliinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa anapima, akanishangaa.

Wiki tatu nilipinda kanga za duka la Mwarabu mmoja karibu na soko. Kazi ilikuwa ile ile, ila kimya. Wanawake uani walipoomba ya mpishi, nilisema koo linaniuma. Jirani yangu wa vitumbua alikuwepo mara moja waliponiomba, na angeweza kunivua nguo mbele yao wote. Alisema tu, "Mwacheni, amechoka." Jioni ile nilimpelekea bakuli la mchuzi nikamwambia, "Ulikuwa mkweli." Akasema, "Najua." Akala.

Nyumbani mume wangu aliendelea kama siku zote, na mimi niliendelea kumchungulia. Nilimwuliza maswali madogo madogo ambayo majibu yake nayajua, nione kama atateleza. Hakuteleza. Siku moja akachoka.

"Mke wangu," akasema, "mimi sikujua habari ya picha. Niliambiwa nisubiri Jumapili, nikasubiri. Nilidhani labda kuna mganga." Alisema kwa uso mkavu kabisa. Nikacheka kabla sijajizuia, na baada ya hapo maswali yalipungua, ingawa hayakwisha.

Picha ilikuwa bado inaonyeshwa. Ile ya kwanza tuliiona mara tatu, hii watu waliiona mara moja wakasema nyimbo hazina chumvi. Jumapili ya mwisho, saa saba na nusu, nilisikia hodi. Shoga yangu alikuwa amesimama barazani kwetu, kajifunika kichwa, kijasho puani. Hakuwahi kufika kwetu. Alikuwa ameulizia njia kwa muuza vitumbua.

"Twende," akasema. "Nitakutafsiria kama ilivyo. Neno kwa neno. Ukitaka kaa na mtu mwingine anayejua, umwulize nyuma yangu."

Nilimtazama vizuri. Nilitafuta usoni mwake lile jicho la huruma, sikuliona. Alikuwa anaogopa. Nikachukua buibui langu.

Tulikaa nyuma kabisa. Viti vingi vilikuwa vitupu. Alifanya alichoahidi. Mjane akitukanwa, aliniambia amemtukana. Mke wa mpishi aliposema dada yake amekula chumvi nyingi na bado hafi, aliniambia hivyo hivyo, sauti imekauka. Mjane alipomwagiwa unga watu wachache waliokuwepo walicheka, naye akaacha kutafsiri.

"Anasema nini hapo?" nikamwuliza.

"Hasemi kitu. Analia, ila wameweka ngoma juu yake."

Nilimshika mkono. Hatukungoja mwisho. Tulitoka kwenye jua kali la saa kumi kasoro, tukitembea upande wa kivuli. Nilimwuliza dada yake anajibuje barua. Akasema kwa kuchelewa. Nilimwuliza kama anamwandikia ukweli. Akafikiri, akasema hapana.

Tulipofika mahali njia zetu zinapoachana akauliza kama Jumatatu nitapeleka kanga. Nikasema tutaona. Nilipeleka Jumatano. Mama mkwe alikuwa mlangoni na shanga zake, akasema maneno yake. Sikuitika amina. Nilisema, "Nimesikia, mama," kwa Kiswahili, taratibu, naye akanitazama kwa muda mrefu, shanga zimesimama kidoleni. Sijui alielewa nini.

Urafiki ulirudi, lakini haukurudi mzima. Kuanzia siku ile kila aliponiletea neno la mtu mwingine, la mumewe, la mteja, la redio, nilimwuliza, "Ndivyo alivyosema, au ndivyo unavyosema wewe?" Mwanzoni aliona haya. Baadaye alizoea, akawa anajibu bila kuinua macho kwenye kazi yake: "Yeye," au, "Mimi." Mara nyingi ilikuwa yeye. Mara moja moja alisema, "Nusu nusu," nami nilikuwa nikimwambia anipe nusu ya kwanza kwanza, nimalize nayo, ndipo nisikie yake.